Nilivyomaliza gemu la hadithi kwenye kibanda cha mpira

Kwenye vibanda vya gemu vya Majengo, hapa Moshi, PlayStation 2 ilikuwa na kazi moja: Winning, gemu la mpira wa miguu. Unalipia mechi, ukifungwa unaachia pedi, anakaa mwingine. Mpira naupenda, lakini tangu utotoni kinachonivuta kwenye gemu ni safari: kuingia nchi nisiyoijua na kutafuta njia mwenyewe.

Lililoniteka ni Shadow of the Colossus, la mwaka 2005, kazi ya Mjapani Fumito Ueda na wenzake. Kijana na farasi wake, nchi tupu, majitu 16 ya kuangusha. Hakuna kijiji, hakuna maadui wadogo wa kuua njiani. Unainua upanga juani, miale inajikusanya upande lilipo jitu. Kivulini hauonyeshi kitu. Ukilifikia unaparamia manyoya yake na kung'ang'ania huku nguvu za mkono zikiisha, nalo linajitikisa likutupe chini. Wahusika wanazungumza lugha ya kubuni, tena kwa nadra, kwa hiyo Kiingereza changu cha sekondari kilitosha kabisa kusoma maandishi ya chini. Kwangu hakuna gemu lililolifikia hadi leo.

Shida ni kwamba jitu moja laweza kula saa nzima, na mwenye kibanda anaishi kwa mechi fupi. Nikamfuata.

"Kaka, asubuhi hapa hakuna watu. Niuzie saa badala ya mechi."

"Utafagia?"

Nikafagia.

Ikabaki memori kadi, ya kuhifadhia ulipofikia kwenye gemu. Ya kibanda ilikuwa ya kila mtu: ikijaa, wa Winning wanafuta chochote wapate nafasi ya timu zao. Nikaenda Kibosho kwa bibi msimu wa kahawa, nikachuma, nikanunua yangu, MB 8, nikawa naondoka nayo mfukoni. Jitu likianguka, gemu linakuuliza kama uhifadhi. Nilikuwa nahifadhi kabla hata sijashusha pumzi, maana mgao wa umeme haukuwa na taarifa.

Jitu la mwisho ni refu kama mnara na linakupiga kwa mbali, inabidi ulikaribie kwa kujificha mashimoni. Siku hiyo saa zangu ziliisha nikiwa kiunoni mwake. Vijana wa mpira walishajaa mlangoni, hela mkononi, na hakuna aliyedai pedi. "Shika, dogo, usiachie!" Mwenye kibanda naye alisimama akitazama, hela ya nyongeza hakuomba.

Mwaka 2018 gemu hilo lilitengenezwa upya kwa PlayStation 4. Nimelinunua, na sasa mwanangu yuko kwenye jitu la tatu, lile lenye kinga ngumu mkononi. Jana kaniuliza: "Baba, mbona pale chini kuna bamba la duara?" Nikamwambia asogee pale, alichokoze lipige, aone.