Mama aliniuliza: ni Yakobo kweli yule?

Mama yangu yuko Kibosho na somo wa jumuiya yao ni Mt. Yakobo Mtume, kwa hiyo nilivyompigia kumwambia nimepata likizo, natoka Ujerumani naenda Hispania kutembea njia ya Santiago, ile ya hija inayoishia kwenye mji wanaposema amezikwa Mt. Yakobo, hakuniuliza habari ya nauli wala baridi, alisema tu ile rozari niliyokupa ulivyosafiri ipeleke ikaguse kaburi lake. Halafu akanyamaza kidogo, akauliza, "Lakini mwanangu, ni yeye kweli aliyelala pale?"

Nikamwambia nitakujibu nikifika.

Nimetembea na hilo swali siku tano, Sarria mpaka Santiago, kama kilomita 115 hivi. Wengi wanaanzia Sarria maana ili upewe cheti cha hija lazima utembee angalau kilomita 100. Mchana natembea, usiku nikifika hosteli nasoma kwenye simu mpaka chaji inaisha, na kadiri nilivyosoma ndo nikaona mama ameuliza swali ambalo watu wameliuliza karne na karne, wengine kwa nia njema na wengine kwa hasira. Martin Luther, yule aliyeanzisha Uprotestanti, alihubiri kwamba hatujui kilicholala pale ni Yakobo au ni mbwa au farasi aliyekufa. Maneno makali, lakini swali lenyewe ni lilelile la mama.

Tuanze na tunachokijua. Matendo 12:2 inasema Herode alimuua Yakobo ndugu yake Yohana kwa upanga, na hiyo ilikuwa Yerusalemu, mwaka 44 au karibu na hapo. Alizikwa wapi, Biblia haisemi. Mapokeo yanasema wanafunzi wake waliuchukua mwili wakausafirisha kwa mashua mpaka Galicia, kule mwisho kabisa wa Hispania. Baada ya hapo inapita miaka kama 800, halafu kati ya 820 na 830 hivi mtawa mmoja mkaa pweke anaitwa Pelayo anaona mianga porini usiku, anampelekea habari Askofu Teodomiro wa Iria Flavia, askofu anakuja analikuta kaburi la kale, anasema huyu ni Mtume Yakobo pamoja na wanafunzi wake wawili. Mfalme Alfonso II akajenga kanisa. Basi, hija ikaanza hapo.

Sasa kuna kitu kimenigusa sana. Huyo Teodomiro mwenyewe wako wanahistoria waliokuwa wanasema hakuwahi kuwepo, ni mtu wa hadithi tu. Mwaka 1955 wakichimba chini ya kanisa kuu wakakuta jiwe la kaburi lenye jina lake na mwaka aliokufa, 847. Na 2024 wanasayansi wametoa matokeo ya kupima mifupa iliyokuwa pale, umri wake, DNA yake, na vyote vinakubaliana na kwamba ni yeye. Yaani aliyeligundua kaburi tuna ushahidi wake mzuri kuliko wa huyo aliyegunduliwa.

Na mifupa ya Mtume yenyewe iliwahi kupotea. Mwaka 1589 Drake na meli zake za Kiingereza walishambulia A Coruña, siyo mbali na Santiago, askofu mkuu akaogopa wasije wakafika kunajisi kaburi, akaamuru masalia yafichwe. Yakafichwa vizuri mno, waliojua mahali wakafa, na kwa karibu miaka 300 hakuna aliyeweza kukuonyesha yako wapi. Hiyo miaka yote watu hawakuacha kwenda, wengine miguu imechubuka, wanapiga magoti juu ya sakafu ambayo hakuna anayejua chini yake kuna nini na wapi. Hapo niliifunga simu nikakaa tu.

Mwaka 1879 wakachimba nyuma ya altare wakakuta mifupa imechanganyikana, ya watu watatu. Sasa Yakobo ni yupi? Jibu likatoka Italia. Katikati ya karne ya 12 kipande cha mfupa wa fuvu, ule unaovimba nyuma ya sikio, kilikuwa kimetoka Santiago kikapelekwa mji wa Pistoia. Wakalinganisha, na fuvu moja kati ya yale lilikuwa limepungukiwa sehemu hiyohiyo. Mwaka 1884 Papa Leo XIII akatangaza rasmi kwamba masalia ni ya kweli.

Nimeliwaza hili nikipanda vilima na nataka niliseme wazi maana naona watu wanalirukia. Kipande cha Pistoia kinathibitisha kwamba mifupa ya 1879 ni ileile waliyokuwa nayo Santiago karne ya 12. Ni jambo kubwa, sipunguzi. Lakini hakikufikishi Yerusalemu. Ile miaka 800 ya mwanzo iko palepale haina shahidi, na anayetetea imani kwa kujifanya haipo anawakosea watu kama mama yangu.

Kinachonisumbua zaidi ni ushindani. Kile kitabu cha karne ya 12, Codex Calixtinus, kina mwongozo wa mahujaji, na mwongozo unasema walio ng'ambo ya milima wanaodai wana masalia ya Yakobo waone aibu, mwili mzima uko Santiago. Miaka hiyohiyo karibu ndo kipande kikaenda Pistoia! Toulouse nao, mji wa Ufaransa ulioko kwenye njia mojawapo ya kwenda Santiago, walidai wanaye Yakobo. Waarmenia wa Yerusalemu wanasema kichwa kiko kwao. Pale Vézelay, panapoanzia njia moja ya Ufaransa, watawa walisema wana mwili wa Maria Magdalena, mahujaji wakajaa, mpaka 1279 kaburi lingine likafunguliwa Saint-Maximin kule kusini wakasema hapana, yuko huku siku zote, na 1295 Papa akawaunga mkono hao wa kusini. Vézelay ikapungukiwa watu. Na watawa wa Conques, hukohuko Ufaransa, wanasimulia wenyewe kwamba karne ya 9 mtawa wao alikwenda mji wa Agen akakaa miaka mpaka akaaminiwa kulinda kaburi la Mt. Foy, binti mfiadini ambaye jina lake maana yake Imani, halafu akamuiba akamleta kwao. Wanasimulia kama baraka! Kwamba mtakatifu asingekubali kuibwa kama hataki. Mi hapo siwezi kukubaliana nao kabisa, palipokuwa na masalia palikuwa na mahujaji, na mahujaji walikuja na sadaka, na hilo ndo lililofanya mifupa iongezeke.

Kanisa lenyewe lililiona. Mtaguso wa Laterano 1215 ulikataza kuuza masalia, na yoyote mapya yasiheshimiwe hadharani bila kibali cha Papa, na leo Kanuni 1190 ya Sheria za Kanisa inakataza kabisa kuyauza. Nasema hivi maana kwenye intaneti yanauzwa mpaka sasa na cheti juu. Ndugu zangu msinunue.

Nikafika Santiago asubuhi, mvua. Chini ya altare kuna kijumba kidogo, unainama, na nyuma ya nondo unaliona sanduku la fedha. Hufiki kulishika. Nikapanda juu nyuma ya altare wanapokumbatia sanamu ya Mtume, nikaikumbatia na rozari mkononi, nikalia kidogo, sijui hata kwanini.

Jioni nikampigia. Shikamoo mama, marahaba, umefika? Nikamweleza yote, Pelayo, Drake, fuvu, ile miaka 800, na kwamba rozari imegusa sanamu siyo kaburi. Nikamwambia mama, kama ni yeye sina uhakika, na sidhani kuna mtu anaweza kuwa nao.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Na wale wawili waliolala naye wanaitwa nani?"

Nikamwambia wanasema ni Atanasi na Teodori.

"Umewaombea?"

Sikuwa nimewaombea. Kesho yake kabla ya basi nikarudi kule chini.