Kekeo akilia, usikimbilie jembe

Kila Machi, kabla hapajapambazuka, Nairobi hupata sauti ambayo Januari haikuwepo: milio mitatu inayoshuka, yenye nguvu, inayorudiwa na kurudiwa hadi mwenye usingizi mwepesi anune. Huyo ni kekeo kifua-chekundu. Husikika Karura na Lavington, Lang'ata na Kahawa, popote penye miti mirefu kidogo, na wengi waliomsikia tangu utotoni hawajamwona hata mara moja. Hukaa juu, katikati ya majani, bila kujitikisa. Ukibahatika kumpata kwa darubini utaona kichwa na mgongo wa kijivu, kifua cha rangi ya kutu, na tumbo lenye michirizi myeusi. Watu humwita ndege wa mvua, na wapo wanaotoa jembe siku hiyohiyo wanapomsikia.

Jembe lingoje. Kekeo hatabiri mvua ya kesho. Dume anatangaza eneo lake kwa kuwa msimu wa kuzaa umekaribia, na kekeo hajengi kiota: jike hutaga katika kiota cha mwingine, mara nyingi cha kurumbiza. Kurumbiza naye hulea makinda wakati wadudu ni wengi, na wadudu huwa wengi ardhi ikilowa. Kwa hiyo mlio ule unakuambia tu kwamba umefika wakati wa mwaka ambao mvua hutarajiwa. Itanyesha lini na kwa kiasi gani, kekeo hajui. Mwaka mvua ikichelewa, yeye hulia vilevile, na anayepanda mahindi kwa mlio peke yake atarudia mbegu.

Kosa la kawaida katika kusoma ndege ni kuwatia wote kapu moja. Kuna wanaofuata kalenda, kuna wanaojibu mvua iliyokwisha kunyesha, na kuna wanaojibu hewa ya saa hiyo. Ukichanganya makundi hayo, kila ishara itakudanganya. Ulaya ndege wengi hupima urefu wa mchana, ambao hubadilika sana kati ya majira. Nairobi tuko nyuzi 1.3 tu kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote haifiki dakika kumi. Kwa wenyeji wa hapa, kinachohesabika zaidi ni chakula, majani mabichi, matope na maji.

Wa kalenda ndio rahisi. Mbayuwayu wa Ulaya huanza kufika Septemba, hujipanga kwenye nyaya za umeme hadi Machi, na kufikia mwisho wa Aprili wengi wamekwenda. Mtambue kwa koo jekundu, mkanda mweusi uliokamilika kifuani, na mkia wenye panda. Mtazame mkia kwa makini: akifika unaweza kuwa mfupi au umechakaa, hasa kwa wachanga, kwa sababu hubadilisha manyoya akiwa huku; kufikia Machi mgongo unang'aa buluu na zile nyuzi mbili za mkia zimerefuka. Hiyo ni dalili kwamba yuko tayari kwa safari. Keremkerem wa Ulaya hupita angani Septemba na Oktoba, kisha tena Machi na Aprili, makundi ya juu sana ambayo utayasikia kabla ya kuyaona. Sauti yake ni laini, ya kuviringika. Kwa kuwa safari hizi huangukia karibu na mvua fupi na mvua ndefu, watu husema wameileta mvua. Wamesukumwa na majira ya kwao. Wakiwahi au kuchelewa, sababu iko huko walikotoka au njiani, wala usibadilishe mpango wa shamba kwa ajili yao.

Kozi wa Amur ni habari nyingine kidogo. Huyu huzaa Siberia na Uchina, huvuka Bahari ya Hindi kutoka India, na hutufikia Novemba na Desemba akielekea kusini mwa Afrika. Hufuata pepo za dhoruba kwa sababu ya wadudu wanaoruka mbele ya mvua. Tarehe ya kufika kwake imepangwa na safari, lakini mahali atakapoonekana jioni fulani pamepangwa na wingu. Ukiona kozi wadogo kadhaa wakizungukazunguka juu ya Athi au mbuga ya Nairobi miezi hiyo, tazama nyuma yao: mara nyingi pana pazia la mvua.

Hapo tunaingia kwa ndege wa saa. Teleka, wale weusi wenye mabawa ya mundu wasiotua kamwe kwenye waya, hujenga chini ya madaraja na kwenye kona za majengo marefu ya mjini. Siku ya jua huwinda juu sana. Upepo wa mbele ya dhoruba ukifika, wadudu hushuka au hukusanywa mahali pamoja, na teleka hushuka nao. Wakishuka hadi usawa wa ghorofa ya tatu, huku hewa imepoa ghafla na upepo umegeuka, anua nguo. Wakishuka bila upepo kugeuka, huenda kuna wadudu tu juu ya mto au jaa. Ishara hii ina uhai wa nusu saa au saa moja, haivuki hapo. Dudumizi naye, yule anayejificha vichakani na kutoa mlio kama maji yanayomiminwa kutoka chupa ya shingo nyembamba, hulia zaidi majira ya mvua na mara nyingi baada ya manyunyu. Heshima yake ya kuita mvua ni kubwa kuliko kazi anayoifanya.

Wanaonifaa zaidi ni wale wanaojibu mvua iliyokwisha kunyesha. Hao hawatabiri chochote, lakini wanakuambia kama maji yameingia ardhini au yamepita tu juu ya mabati. Kwa mkulima wa ploti ya nyuma ya nyumba, hilo ndilo swali lenye faida.

Anza na kwera wanaojenga kwa makundi kwenye migunga. Dume huchana nyuzi ndefu za nyasi au jani la mnazi wa mapambo, na nyuzi hizo lazima ziwe mbichi ili zikubali kufungwa fundo. Nyasi kavu hukatika. Kwa hiyo kiota cha kijani ni ushahidi kwamba majani yamechipua, na majani hayachipui kwa manyunyu ya jioni moja. Simama chini ya mti uhesabu vya kijani na vya kahawia kando. Kiota hubadilika rangi upesi kwenye jua, na jike hukikagua kwa kuning'inia mlangoni na kuvutavuta nyuzi za ndani. Kilichokauka bila kupata mpangaji, mara nyingi dume hukibomoa mwenyewe na kuanza upya. Ukikuta nyuzi za kijani zimetapakaa chini, ujenzi unaendelea. Ukikuta za kahawia tu na mti uko kimya, msimu umekwisha au haujaanza. Katika kundi hilo ndipo utamsikia kekeo mdogo wa kijani kinachong'aa, yule ambaye mlio wake huongeza kasi mwishoni. Yeye hutaga kwa kwera, hivyo uwepo wake unathibitisha kwamba viota vina mayai au vinakaribia.

Tahadhari: kuna kwera wa bustani, manjano na mweusi mwenye jicho la njano, anayejenga kiota kimoja kimoja karibu na madirisha. Huyo huzaa karibu mwaka mzima, hasa penye bustani zinazomwagiliwa. Kama ishara ya msimu, hana maana. Wengi humtumia kwa sababu yuko karibu na jiko.

Mbayuwayu wenyeji, wenye michirizi kifuani au kiuno chekundu, hujenga kwa tope chini ya dari za veranda na ndani ya kalvati. Wakianza kutua kando ya dimbwi na kubeba vidonge vya tope mdomoni, maji yamesimama mahali siku kadhaa. Mvua ikikatika katikati ya kazi, utaona kiota kimeishia nusu, ukingo umekauka na kupasuka. Usikibomoe. Mvua ikirejea, huenda wakaendelea pale walipoachia.

Kwarara, yule anayepita alfajiri akipiga kelele za kukwaruza hadi mbwa wanajibu, hupima udongo kwa mdomo wake mrefu. Kumwona si habari, maana yupo mwaka mzima. Habari ni mahali anapotafuta chakula. Februari utamkuta kwenye nyasi zinazomwagiliwa, uwanja wa gofu au mbele ya ofisi yenye mfereji wa maji. Mvua ikizama, hutawanyika hadi ploti tupu na kando za barabara. Zingatia udongo wako: mwekundu wa upande wa Kabete hulainika mapema, ilhali mweusi wa South C na Embakasi hupasuka nyufa wakati wa kiangazi na huhitaji mvua nyingi kabla mdomo haujapita. Kwarara wakianza kudona kwenye udongo mweusi usiomwagiliwa, mvua imekaa.

Kisha kumbikumbi. Baada ya mvua nzuri ya kwanza hutoka ardhini kwa wingi, na ndani ya dakika chache mwewe, kunguru, yangeyange na keremkerem huwa wamefika. Mwewe wakizunguka chini chini juu ya sehemu moja wakinyaka kwa makucha na kula hewani, nenda hapo na panga. Chimba. Unyevu ukifika sentimita 15, panda. Ukikuta vumbi sentimita tano chini, hiyo ilikuwa ya kuondoa joto.

Marabu wa Nyayo Stadium waache. Wanaishi kwa taka na mabaki ya machinjio, na taka za Nairobi hazina kiangazi. Kunguru ni hivyohivyo. Hata wewe unaweza kuharibu ishara zako: ukiweka nafaka na maji kila siku, ploti yako inakuwa msimu wa mvua wa kudumu, na fumbwe dume mwenye mkia mrefu atafukuza wengine wote pale kwenye nafaka. Beseni la maji ni zuri Januari na Februari, lenye kina cha sentimita mbili hadi tano na sakafu ya kukwaruza ili miguu isiteleze. Liweke mita mbili au tatu kutoka kichaka, paka asipate pa kuvizia, na umwage maji kila baada ya siku mbili ili mbu wasizaliane. Ila usihesabu ndege wa beseni pamoja na wa nje.

Bila kipimo cha mvua, haya yote ni maneno. Tafuta kopo lenye kuta zilizonyooka, mdomo na kitako vya upana mmoja, na rula ya milimita. Maji yakifika milimita 10 koponi, imenyesha milimita 10, yaani lita 10 kwa kila mita mraba. Upana wa kopo haubadilishi hesabu. Chupa iliyokatwa haifai ikiwa inapanuka kuelekea chini. Liweke mbali na nyumba au mti kwa umbali wa angalau mara mbili ya urefu wa nyumba au mti huo; kwenye baraza la ghorofa halitakupa kitu. Soma saa tatu asubuhi, kama vituo vya hali ya hewa vinavyofanya, kisha mwaga.

Daftari liwe na safu tano: tarehe, saa, ndege, anafanya nini, mvua tangu jana. Safu ya nne ndiyo yenye thamani. "Mbayuwayu 6" haisemi kitu. "Mbayuwayu 6, wawili wanabeba tope" inasema. Sikiliza dakika 15 kuanzia saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, mahali palepale, siku zilezile za wiki, na uandike pia asubuhi ambayo kekeo hakulia. Pasipo hizo sifuri huwezi kujua alianza lini. Jihadhari na kurumbiza, ambaye huiga sauti za ndege wengine kwa ustadi: mlio ukikatizwa na mapigo ya ndege watatu tofauti kutoka kichaka kimoja, ni yeye.

Kwa darubini, 8x42 (inayokuza mara nane, lenzi ya mbele milimita 42) inatosha. 10x hutetemeka mkononi na huonyesha eneo dogo. Masikio hayanunuliwi, lakini yanafunzwa: Nature Kenya, shirika la uhifadhi, huwa na matembezi ya kutazama ndege ya Jumatano asubuhi kutoka Makumbusho ya Taifa, yaliyoanza 1971 chini ya Fleur Ng'weno. Rekodi zako pia zina pa kwenda. Kenya Bird Map, mradi wa kuchora ramani ya ndege, imegawa nchi katika miraba ya takribani kilomita 9 kwa 9, na orodha kamili huhitaji angalau saa mbili za kutafuta, ndege wakiandikwa kwa mpangilio walivyoonekana, ndani ya siku tano.

Na ua wa kayaba ukatwe Februari au mwishoni mwa Agosti. Aprili hadi Juni, na tena Novemba na Desemba, ndani yake huwa mna viota vya mkesha, shore na kuzumburu. Ukilazimika kukata miezi hiyo, tenganisha matawi kwa fimbo kwanza na uangalie kati ya kiuno na kichwa chako.