Nilimtibu bega mara sita, na ugonjwa ulikuwa shingoni

Bibi mmoja wa Wete, mshonaji wa kofia za viua, alikuja kwangu mara sita, na mara zote sita nilimtibu bega. Nilimkanda, nikamwekea kitambaa cha maji moto, nikampa mazoezi ya kuinua mkono. Mara ya sita akaniambia kwa upole, "Mwanangu, bega limepoa, lakini sindano bado yaniponyoka." Nilikuwa na stashahada ya fiziotherapia na miaka minane ya kazi, na sikuwa na jawabu la kumpa. Maneno yale yalinikaa moyoni. Wiki ile ile nikaanza kutafuta mafunzo ya juu ya shingo, bega na mkono.

Kozi niliyoipata ilikuwa miezi sita ya masomo kwa mtandao, kisha wiki mbili za vitendo Dar es Salaam. Ada niliipata kwenye mchezo wetu wa mtaani wa kuchangiana fedha kwa zamu. Niliomba zamu ya kwanza, na wenzangu, Mungu awalipe, wakaniachia. Nilisoma watoto wakishalala. Zilipofika zile wiki mbili, mama mkwe akahamia kwetu, nami nikapanda boti Mkoani.

Pingili za shingo ni 7, lakini jozi za neva, yaani mishipa ya fahamu, zinazotoka hapo ni 8. Hilo nilishalikariri zamani kwa ajili ya mtihani. Safari hii mwalimu alitutaka tujichore kwa wino mikononi: neva ya sita inashukia dole gumba, ya saba kidole cha kati, ya nane kidole cha mwisho. Nilipofika kidole cha kati kalamu ilisimama. Yule bibi alikuwa akinionesha kidole hicho hicho kila alipokuja, akisema kina ganzi, nami nikiandika "bega".

Kilichonifaa zaidi ni vipimo vinne ambavyo mtaalamu wa fiziotherapia Robert Wainner na wenzake walivichunguza kwa pamoja mwaka 2003. Cha kwanza kina jina la Spurling, daktari wa upasuaji wa Marekani aliyekieleza pamoja na mwenzake Scoville mwaka 1944: unakilaza kichwa upande unaouma na kukibonyeza chini taratibu, uone kama maumivu yatashuka mkononi. Cha pili ni kinyume chake. Unakivuta kichwa juu kidogo, uulize kama mgonjwa amepata nafuu. Cha tatu unaunyoosha mkono hatua kwa hatua ili kuijaribu neva. Cha nne unapima kama shingo inageukia upande unaouma chini ya nyuzi 60. Kimoja peke yake kinaweza kukudanganya. Vyote vinne vikikubaliana, shaka inabaki ndogo sana kwamba neva imebanwa shingoni. Nilivifanya kwa mume wangu kila usiku mpaka mikono yangu ikaacha kusitasita.

Tulifundishwa pia, kwa msisitizo mkubwa, wakati wa kutoigusa shingo. Mtu aliyeanguka kutoka kwenye mkarafuu haguswi shingo kabla ya kupigwa picha. Anayeshindwa kufunga vifungo kwa mikono yote miwili, na miguu yake imekuwa mizito, huenda ule ugwe mkuu wa neva ulio ndani ya uti wa mgongo umebanwa. Huyo anapelekwa hospitali kubwa siku hiyo hiyo. Na mkono wa kushoto unaouma pamoja na kifua na jasho si kazi yangu kabisa, huo ni moyo mpaka ithibitike vingine. Nilirudi na hofu njema ambayo sikuwa nayo mwanzo.

Niliporudi nilimwita yule bibi. Nilifunga pazia, akavua buibui, nikamfunika kwa kanga huku nikiiacha shingo na bega wazi, kwa sababu huwezi kupima usichokiona. Shingo yake iligeukia kulia nyuzi 40 tu. Vipimo vyote vinne vilikubali. Nilipogonga nyuma ya kiwiko cha kulia, mkono haukuruka kama wa kushoto. Nilimwomba radhi kwa zile mara sita. Akanishika mkono, akasema, "Ulikwenda kusoma kwa ajili yangu? Basi nitibu."

Darasani tulitumia taulo kuisaidia shingo kugeuka. Nyumbani kwake tulitumia kanga. Nilimfundisha kuitelezesha neva, si kuivuta: anaunyoosha mkono huku akilaza kichwa upande ule ule, na ganzi ikianza tu anarudi. Tukaitoa kofia mapajani, tukaipandisha juu ya mito miwili ifike kifuani. Kila nusu saa anasimama. Mume wa bintiye, ambaye nazi hakuwahi kuikuna, sasa ndiye anayekaa kwenye mbuzi.

Wiki ya sita kipima pembe kilisoma nyuzi 70. Ganzi imebaki kwenye ncha ya kidole tu, na nguvu za kunyoosha kiwiko bado hazijarudi zote, kwa hiyo tunaendelea kila Jumatano. Jumatano iliyopita alikuja na kofia aliyoianza kabla sijaondoka, akakaa kwenye benchi akisubiri zamu, akishona.