Muulize anayeshinda nyumbani

Kila ninapomtafutia mlezi wa muda mbwa aliyepooza, kipofu au mwenye kifafa, simu ya kwanza hutoka kwa mtu mwenye moyo mzuri, ukuta mrefu na ofisi Posta, katikati ya jiji la Dar es Salaam. Anatoka alfajiri, anarudi usiku baada ya kupambana na foleni. Namshukuru, kisha naomba kuongea na dada wa kazi.

Huyo ndiye mwenye jibu. Bosi akisema "mlete tu", atakayemkamua mkojo mbwa aliyepooza, asiyeweza kukojoa mwenyewe, saa saba mchana ni dada, na mara nyingi hakuna aliyemuuliza. Nikiona anasita, simwachi mbwa pale, hata nyumba iwe na bustani ya kupiga picha za harusi. Akikubali, tunaelewana mbele ya bosi wake kwamba hiyo ni kazi ya ziada na ina malipo yake. Wapo mabosi walioghairi palepale. Bora waghairi mapema.

Shughuli hii naifanya Dar es Salaam, upande wa Goba na Salasala. Wengi ni mbwa koko waliogongwa barabarani. Picha za huruma nimeziacha, maana huleta "pole jamani" nyingi na walezi wachache. Siku hizi tangazo langu la WhatsApp linataja kazi yenyewe: anahitajika mtu anayeshinda nyumbani, mkojo ukamuliwe mara tatu au nne kwa siku, nitakufundisha, chakula na dawa ni juu yangu. Naambatanisha video ya daktari wa mifugo akionyesha namna ya kukiminya kibofu taratibu kwa viganja viwili. Anayeitazama mpaka mwisho na bado akapiga simu, huyo tunaongea.

Kwa mbwa aliyepooza miguu ya nyuma, kutembea si shida kubwa kama watu wanavyodhani. Kibofu ndicho kinachoua. Mkojo ukibaki ndani huleta maambukizi, ukivuja huunguza ngozi, na akijiburuta kwenye sakafu ya saruji anapata vidonda visivyopona. Mlezi bora niliyewahi kumpata kwa hali hiyo ni mama fundi cherehani ambaye hajawahi kufuga mbwa maishani mwake. Ila alimuuguza mama yake aliyepata kiharusi, kwa hiyo kugeuza mgonjwa, kukausha ngozi na kukagua vidonda alivijua kuliko mimi. Akamshonea Popi, mbwa niliyempa, mfuko wa turubai wa kukinga miguu isichubuke. Kigari tulitengenezewa na fundi bomba kwa mabomba ya plastiki na magurudumu ya kigari cha mtoto. Anakitumia kwa muda mfupi tu, mtu akiwa karibu, kwa sababu akiwa ndani ya kigari hawezi kulala.

Kifafa kina ugumu wa namna nyingine. Fenobabito, dawa ya kuzuia kifafa, hutolewa kila baada ya saa kumi na mbili, na kuikatisha ghafla kunaweza kuleta degedege baya kuliko lile la mwanzo. Nani nyumbani hatasahau? Nikamwazia mlinzi. Pale mtaani kwetu walinzi hupokezana saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, basi tukaifanya dozi kuwa sehemu ya makabidhiano: anayeingia anatoa kidonge, anayetoka anashuhudia, wote wanasaini kwenye daftari la geti.

Hofu ya majirani ilinitoa jasho zaidi. Mbwa anayetetemeka na kutoka povu, mtaani ana jina moja tu: kichaa. Mawe hufuata. Na siwalaumu, maana kichaa cha mbwa dalili zikishajitokeza kwa binadamu karibu kila mara ni kifo. Kwa hiyo mbwa hatoki kwangu bila chanjo na kadi yake, na bila kukaa kwanza peke yake chini ya macho ya daktari. Kabla hajafika kwa mlezi, napita kwa mjumbe wa mtaa na majirani wa ukuta kwa ukuta, nawaonyesha kadi na video ya degedege lenyewe. Nasema pia jambo moja bila kuzungusha: mbwa msiyemjua akiwa na hali hiyo msimguse, na aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano kisha aende hospitali siku hiyohiyo.

Kuna Waislamu walionikatalia, na sibishani na dini ya mtu. Kwa Mashafii, Waislamu wa madhehebu ya Shafii, mate ya mbwa ni najisi nzito. Lakini mzee mmoja alimchukua mbwa wa miguu mitatu awe mlinzi wa banda la kuku. Mbwa ana kibanda chake nje, bakuli lake, bomba lake la maji, na hakanyagi barazani. Nilipotaka kumshukuru sana akanikata kauli kwa kisa cha mtu aliyemtekea mbwa mwenye kiu maji kisimani kwa kiatu chake, akasamehewa na Mwenyezi Mungu. Nikanyamaza.

Mbwa vipofu ni rahisi kuliko wanavyoonekana. Naingia uani natafuta shimo la choo lisilofunikwa, ndoo na matofali yaliyozagaa. Tunatandika gunia mbele ya kila ngazi ili nyayo zimwambie, na tunaomba meza zisihamishwehamishwe. Basi.

Kila mlezi anajua anaweza kumrudisha mbwa wakati wowote bila kusimangwa. Wanaorudisha ni wachache, pengine kwa sababu mlango uko wazi.

Sasa hivi ninaye jike kiziwi, mchangamfu kupita kiasi. Anahitaji geti linalofungwa kweli, mtu wa kumfundisha kwa ishara za mkono, na nyumba isiyo na watoto wadogo, kwa sababu akishtuliwa usingizini anaweza kung'ata kabla hajajua ni nani. Huamshwa kwa kupiga mguu sakafuni. Kama nyumbani kwako kuna anayeshinda, muulize yeye kwanza, halafu mnipigie pamoja.