Kuuzwa na Kuteremshwa Mto

Wanaozungumza Kiingereza wana msemo wa mtu aliyesalitiwa na wale aliowaamini. Husema "sold down the river", yaani ameuzwa na kuteremshwa mto. Utausikia kila mahali: kwa mchezaji aliyeachwa na klabu, kwa wafanyakazi waliogeukwa na chama chao, kwa wanakijiji walioahidiwa barabara wasiione. Wengi wanaousema hawana mto wowote akilini. Mimi siku hizi ninaufikiria sana, kwa kuwa ninaishi Louisville, Kentucky, na mto huo unapita hapa mjini.

Ilianzia ghalani, zamu ya usiku. Tuko wengi pale tunaozungumza Kiswahili, Wakongo hasa, tuliopitia kambi ya Nyarugusu kule Tanzania, au kambi za Uganda na Burundi. Kiongozi wetu wa zamu, mtu wa kwetu kabisa, alikuwa akituahidi kwamba tukivumilia msimu wa mizigo mingi tutapewa kazi ya kudumu. Tukavumilia. Halafu ikajulikana kwamba alishakubali zamu yetu ipunguzwe, na yeye akapandishwa cheo akahamia mchana. Mdogo wangu mmoja pale alilia waziwazi, ana watoto watatu na kodi ya nyumba inamsubiri. Kuna mama mtu mzima, Mmarekani mweusi, ambaye sote tunamwita Bibi kwa umri wake na jinsi anavyotujali. Ndiye aliyesema: huyu ametuuza, ametuteremsha mto. Wakati wa mapumziko akanisogelea, akaniuliza kama naujua mto unaosemwa. Tukakaa, akaanza kunieleza, na tangu siku ile nimekuwa nikisoma.

Mto ni Ohio. Ukisimama ukingoni, ng'ambo ile ni Indiana. Hadi 1865 upande huu wetu ulikuwa wa utumwa, upande ule ulikuwa jimbo huru. Mtumwa aliyeweza kuuvuka alikuwa na tumaini la kufika Kanada. Aliyeteremshwa nao alipelekwa mpaka Cairo, Illinois, Ohio unapoingia Mississippi, kisha kusini zaidi, Natchez au New Orleans, kwenye mashamba ya pamba na miwa. Mto mmoja ulikuwa njia ya uhuru kwa anayeukata, na njia ya kupotea kwa anayeufuata.

Kisa chake ni biashara. Mwaka 1793 Eli Whitney alibuni mashine ya kuchambua pamba, na ardhi ya kusini ikageuka dhahabu kwa wenye mashamba. Mwaka 1808 Marekani ikapiga marufuku kuingiza watumwa kutoka ng'ambo ya bahari. Mahitaji yalizidi kupanda, basi wakawa wanauzwa waliokuwa tayari ndani ya nchi. Majimbo ya juu, kama Virginia, Maryland na Kentucky, yalikuwa na watu ambao wenye mali waliwahesabu kuwa wa ziada, na kusini walikuwa wakinunuliwa kwa bei kubwa. Wanahistoria wanakadiria kwamba watu wapatao milioni moja walihamishwa hivyo kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, wengine kwa miguu wakiwa wamefungwa minyororo, wengine kwa bahari, wengine kwa mto. Hapa Louisville kuna kibao cha kumbukumbu katikati ya mji kinachosema kwamba kufikia miaka ya 1850 Kentucky ilikuwa ikipeleka kusini watumwa kati ya 2,500 na 4,000 kila mwaka. Nimekisoma nikiwa nimesimama, magari yakipita, na nilikumbuka Kigoma nilikokulia. Ujiji nako misafara kutoka Manyema ilivuka Ziwa Tanganyika ikaelekea Bagamoyo na Zanzibar, karne hiyohiyo.

Mwaka 1841 Abraham Lincoln, akiwa bado mwanasheria kijana, alisafiri kwa meli ya moshi akitokea Louisville. Ndani aliwaona watu kumi na wawili walionunuliwa sehemu mbalimbali za Kentucky, wamefungwa sita sita, wakipelekwa shambani kusini. Alimwandikia rafiki kwamba walikuwa kama samaki waliotungwa kwenye kamba ya ndoana, wakitenganishwa milele na wazazi, wake na watoto wao.

Ila aliyenifundisha maana ya msemo huu ni Josiah Henson. Alikuwa mtumwa Maryland, kwa bwana aliyeitwa Isaac Riley. Mwaka 1825 Riley alilemewa na madeni na akaogopa watumwa wake watakamatwa wafidie deni. Akamwomba Henson, kwa machozi, awachukue awapeleke kwa ndugu yake Kentucky. Henson akatoa neno lake. Akaondoka na mkewe, watoto wao na watu wengine 18, bila mlinzi hata mmoja. Walipofika Cincinnati, kwenye ardhi huru, watu weusi wa pale waliwaambia: mkibaki hapa hakuna wa kuwarudisha. Wenzake walitaka kubaki. Henson akawaamuru wasonge mbele, kwa kuwa aliahidi. Akawafikisha Kentucky wote.

Miaka michache baadaye ikaja amri kutoka kwa Riley: watu wale wauzwe, isipokuwa Henson na familia yake. Akasimama akaangalia wakiuzwa, wake kwa waume, wale aliowakatalia uhuru kwa mkono wake mwenyewe. Maumivu hayo aliishi nayo hadi uzee. Naye hakusalimika. Alikubaliana na Riley ajinunue kwa dola 450, akalipa 350 taslimu, na alipofika Kentucky akakuta bei imeandikwa dola 1,000. Mwaka 1830 wakampakia kwenye mashua ya mizigo pamoja na kijana wa ukoo wa Riley, waende New Orleans. Hakuambiwa kwamba bidhaa mojawapo ni yeye. Alipong'amua, usiku mmoja akashika shoka juu ya kijana yule na wenzake waliolala, akalinyanyua, kisha akajizuia, kwa imani yake. New Orleans kijana akaugua homa kali, akaanza kumlilia Henson asimwache. Henson akamuuguza, akamrudisha kwao akiwa hai. Alipoona kwamba hata hilo halikubadili chochote, akamchukua mkewe na watoto, wawili wadogo akiwabeba mgongoni kwenye mfuko wa turubai, akatoroka. Tarehe 28 Oktoba 1830 akakanyaga Kanada.

Nimelisoma jambo hili mara nyingi, na kinachoniumiza si mnyororo. Ni machozi ya Riley. Muuzaji alikuwa mtu aliyekula chakula alichopikiwa na aliyemuuza, aliyemjua kwa jina, aliyewahi kumwomba msaada akasaidiwa. Ndiyo maana msemo ukabaki hata baada ya mto kuacha kubeba watu: adui hawezi kukuteremsha mto, maana adui hukumwamini tangu mwanzo. Na wenye watumwa walilijua hilo, wakalitumia. Mtumwa aliyejibu, aliyechelewa, aliyemtazama mtu usoni, aliambiwa atauzwa kusini, na tishio hilo peke yake lilitosha kuwanyamazisha wengi.

Kazi yetu ghalani si utumwa, na sitamkubalia yeyote anayefananisha. Tunalala nyumbani, na mtu akichoka anaacha akatafute kwingine. Ila nimeelewa kwa nini Bibi alichagua maneno yale, na kwa nini aliyasema polepole. Angekuwa meneja tusiyemjua aliyetupunguzia saa, tungenung'unika tukaendelea. Huyu tulimpikia ugali na samaki siku mtoto wake alipozaliwa.

Hapahapa Kentucky, mtumwa mwingine, Henry Bibb, aliuzwa na dalali wa Louisville pamoja na mkewe Malinda na binti yao mdogo, wakapelekwa New Orleans. Kule chini wakatenganishwa. Yeye alitoroka akafika kaskazini, akarudi kumuulizia mkewe, wala hawakukaa pamoja tena. Mwaka 1851 akaanzisha gazeti la watoro huko Kanada. Wengine hawakuwa na gazeti. Baada ya uhuru walitafutana kwa matangazo. Gazeti la kanisa la New Orleans, Southwestern Christian Advocate, lilifungua mwaka 1879 safu ya kutafuta ndugu waliopotea. Tangazo lilikuwa senti 50, na wachungaji waliombwa kuyasoma mimbarani. Mtu anaandika jina la mama yake, jina la aliyewamiliki, jina la aliyewanunua, jimbo waliloachana, kisha anaomba yeyote aliyemsikia amjulishe.

Nyarugusu nilijaza fomu ya Msalaba Mwekundu kumtafuta mjomba wangu. Maswali ni yale yale: jina la mama, mahali mlipoachana, nani alikuwa naye. Kwa hiyo matangazo yale ya 1879 nayasoma nikijua aliyeyaandika alikuwa amekaaje.

Bibi anasema ukoo wake unaishia 1870, sensa ya kwanza iliyowaandika watu weusi wa kusini wote kwa majina. Kabla ya hapo ni giza, kuna jina moja tu, la mwanamke ambaye familia inasema aliletwa kutoka Kentucky. Matangazo mengi sasa yamewekwa kwenye intaneti na yanatafutika kwa majina ya watu na majimbo. Macho yake yamechoka, yangu bado yanaona vizuri, na Kiingereza changu cha kusoma kinatosha. Jumamosi tukitoka kazini tutakaa kwake tuanze na matangazo yanayotaja Kentucky.