Siku ya 21: siku moja ya mtotoleshaji wa vifaranga

Saa 11 alfajiri nasoma vipimo vya mashine ya kutotolesha: joto nyuzi 37.5, unyevu asilimia 68. Ndani nimeweka kipimajoto cha pili, kwa sababu kile cha mashine kikikosea nyuzi moja kwa wiki tatu, vifaranga hufa wengi. Mayai machanga yaliyo kwenye mashine nyingine nayageuza, naongeza maji, naendelea.

Saa 2 mwenye mayai anafika. Vifaranga wengi wameshatoka, wengine ndiyo kwanza wanadonoa.

"Fungua nione, mwanangu."

"Sifungui, mama. Unyevu ukitoka sasa, utando wa ndani unakauka na kumbana kifaranga ndani ya yai."

"Na hao waliotoka watakula nini?"

Kifaranga huvuta kiini tumboni kabla ya kutoka, kwa hiyo hata siku mbili anakaa bila chakula. Namweleza, haridhiki. Anakaa mlangoni, na kila baada ya muda mfupi anauliza tena.

Mchana nafungua. Mayai 60, vifaranga 29. "Mashine yako imeua mayai yangu," anasema, na majirani wanasikia.

Neno hilo linaniuma, maana kazi hii naijua. Naleta beseni, nakaa naye, nalipasua kila yai lililobaki mbele ya macho yake. Harufu ni kali, mikono inanuka, mgongo unauma, lakini hakuna njia nyingine ya kujua kifo kilitokea lini.

Mayai 17 ni meupe kabisa, hayakuwa na mbegu. Siku ya 7 nilipoyamulika kwa tochi nilimwonyesha, akakataa yasitolewe. Namuuliza ana majogoo wangapi. Mmoja, tena mzee, kwa mitetea 25. Mmoja kwa kumi ndiyo kipimo.

Mengine 10 yana pete ya damu: mbegu ilianza, ikafa siku za mwanzo. Aliyakusanya muda gani? Ananyamaza, kisha anasema karibu wiki tatu, juu ya kabati lililo karibu na jiko. Yai likipita siku 7 nguvu inaanza kupungua, na joto la jikoni huamsha mbegu nusunusu kisha huiua.

Yanabaki manne yenye kifaranga kamili. Haya ndiyo maswali ya mashine, wala siyakwepi. Mawili, mdomo umeelekea ncha nyembamba, mbali na kifuko cha hewa. Mawili yamejaa majimaji, na hapo nashuku unyevu wa siku 18 za mwanzo. Naandika daftarini niupime upya.

Kufikia hapo sijui tena ni saa ngapi. Mama ameacha kufoka, anauliza maswali mazuri. Anaondoka na boksi lake la vifaranga, mimi nabaki kusugua trei kwa dawa, maana maganda na manyoya yakibaki, vijidudu vitahamia mayai yanayofuata.

Tumekubaliana alete mengine akishapata jogoo kijana, kila ganda likiwa na tarehe ya kutagwa kwa penseli.