Alama ya Mlima

Picha yenyewe ninayo hadi leo, saizi ya kadi ya posta. Nyuma, milima ya Usambara imetoka vizuri hata unaweza kuhesabu migomba ya bondeni. Mbele kuna kitu cheupe chenye kilemba, kama mvuke unaopanda kutoka kwenye chungu cha maharage. Huyo ni bibi yangu, mzaa mama.

Ilikuwa Desemba 1998. Mjomba wangu, baharia, aliniazima Olympus Trip 35 yake niende nayo likizo Lushoto. Tayari ilikuwa kamera ya zamani. Zilianza kuuzwa mwaka 1967 na kufika 1984 zikaachwa kutengenezwa. Ni ndogo, ya chuma, inaenea kwenye mfuko wa koti, na lenzi yake ni moja tu, ya milimita 40, haibadilishwi wala haivuti. Ukimtaka mtu karibu, nenda kwa miguu yako.

Haina betri. Kuzunguka lenzi kuna duara la vioo vidogovidogo kama jicho la nzi, na nyuma yake kuna seleniamu inayogeuza mwanga kuwa umeme kidogo wa kuupimia mwanga huohuo. Giza likizidi, kiulimi chekundu kinachomoza ndani ya tundu la kuchungulia na kitufe kinagoma. "Ikikutolea ulimi, toka nje," mjomba aliniambia. Kisha akanionyesha pete ya lenzi, ya kupangia umbali wa unachokipiga, yenye alama nne kuanzia karibu hadi mbali: kichwa kimoja, watu wawili, watu watatu, na mlima. Nikaitikia kama anavyoitikia kijana wa miaka kumi na sita, yaani bila kusikia.

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 za kona, na mimi nilishuka kwenye basi nikiwa mpiga picha kamili. Siku iliyofuata nikaenda Irente. Pale ardhi inakatika ghafla, na chini kabisa unaiona Mazinde na nyika inayopotelea kwenye vumbi. Nikapiga picha tisa, zote kwa alama ya mlima.

Asubuhi yake bibi akaomba apigwe yeye. Aliingia ndani kujiandaa, akakaa huko hadi chai ikapoa. Alipotoka alisimama ukingoni mwa uwanja, bonde likiwa mgongoni pake, uso umekazwa, maana kwake picha haikuwa jambo la kuchekea. Nilimsogelea, hatua moja hivi kati yetu. Kwenye tundu nilimwona safi kabisa, mpaka uzi wa kilemba. Sikujua kwamba tundu lile halipitii kwenye lenzi: jicho lako linaona kila kitu kimetulia, kumbe lenzi iko mlimani. Pete sikuigusa tangu Irente.

Studio ya Tanga ilinisafishia picha, na kijana wa kaunta akanisifu: "Kaka, mandhari umeyaweza."

Nilirudi mwezi wa nne, masika yamepamba moto. Bibi aliishika picha kwa vidole viwili, akaipeleka mlangoni penye mwanga.

"Eh! Hii si migomba ya jirani? Na mparachichi wetu huu hapa." Akanyamaza kidogo. "Na mimi niko wapi?"

"Huyo wa mbele, bibi."

"Huyu moshi?" Alicheka mpaka akatafuta kigoda. "Mume wangu, umenipiga picha au umenifukiza?"

Kamera nilikuwa nayo, na mkanda ulikuwa umebakiza picha chache. Nikamlenga palepale jikoni; ulimi mwekundu huo. Nikamweleza kwamba imekataa. "Afadhali yenyewe inasema mapema," akajibu, akatoka uwanjani.

Safari hii nilikuwa nimemuuliza mjomba vizuri. Chini ya pete kuna namba: kichwa kimoja ni mita moja, watu wawili ni mita moja na nusu. Futi kamba sina. Bibi ndiye aliyevua kanga mabegani. Kanga urefu wake ni mita moja na nusu hivi, na hilo mwanamke hafundishwi na mjukuu. Akashika pindo moja kifuani, mimi nikashika la pili pamoja na kamera, tukaivuta hadi ikanyooka. Nikazungusha pete kwenye watu wawili.

"Bibi, usisogee."

"Nisogee niende wapi, nawe umenifunga kamba kama mbuzi?"

Nikabonyeza akiwa bado anasema. Picha hiyo aliichukua yeye, ile ya moshi akaniachia. Kila kunyanzi limetoka, mdomo uko wazi kwenye neno "mbuzi," na kanga inapanda kutoka chini ya picha hadi mkononi mwake, kwa sababu sikukumbuka kuiachia.